Nilizima Injini, Mlio Ukabaki

Miembeni, Alhamisi. Mvua imekatika mchana, ukungu umebaki. Umekalia mabati kama mgeni asiyejua kuaga.

Siandiki kwa ajili ya mtu yeyote. Mke wangu yuko kwao, dada yake amejifungua. Redio imekufa betri, na betri madukani hakuna, kama vile sabuni, kama vile sukari. Nimebaki na kalamu. Haya ya leo nikiyasema kwa mdomo hapa mtaani, nitaitwa mchawi kabla chai haijachemka.

Leo nimeogopwa. Si vibaya sana, ukizoea.

Kazi yangu ni bwana kahawa wa ushirika. Napita mashambani kutoka Kemondo hadi ng'ambo ya Muleba, nageuza majani ya mibuni, natafuta ugonjwa, nawaambia watu wakate miti ambayo hawataikata. Shule niliiachia darasa la nne. Mengine nimeyaokota njiani. Pikipiki niliyopewa ilikuwa ya misheni. Ni kubwa, nyeusi, ya watu wa safari ndefu, tangi lake kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kitabu cha maelekezo nimekirithi pamoja nayo. Ni cha Kijerumani. Kijerumani sikijui, ila natazama picha.

Pikipiki hii inalia.

Sisemi injini. Injini inanguruma kama injini yoyote iliyoshiba. Chini ya ngurumo kuna sauti nyingine, nyembamba. Ukienda polepole haipo. Ukiongeza mwendo inaanza kwa mbali, inapanda, inapanda, mpaka inakuwa kama mwanamke anayelia huku ameziba mdomo kwa kanga. Ukiachia mafuta haikatiki, inageuka mguno. Nikiwa peke yangu inalia juu. Nikibeba gunia la mbolea inashuka, inakuwa nzito. Nimeendesha nayo kiasi cha kuzijua tabia zake zote, kama mtu anavyojua mikoromo ya mwenzake kitandani. Fundi Shabani wa hapa Miembeni aliwahi kuniambia, "Ni gia hiyo, Bwana Kahawa. Haivunjiki leo wala kesho. Endesha." Nikaendesha.

Tatizo ni kwamba watu wa Muleba waliijua sauti hii kabla yangu.

Mwenye pikipiki alikuwa padre mmoja mrefu, aliyerudi kwao Ulaya kwa sababu ya mgongo. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mafuta matakatifu kwa wagonjwa wa kufa. Miaka yote ile, mlio ukisikika mlimani, watu waliacha majembe na kuulizana: nani? Na jibu lilikuwepo daima. Padre hakuwa mtu wa kutembea bure. Akishampaka mgonjwa alikaribishwa chakula, akala na wenye nyumba, akaondoka. Mara nyingi mgonjwa naye aliondoka.

Sasa napita mimi, na kichupa cha dawa ya mibuni mfukoni. Wanawake wanapiga ishara ya msalaba. Mzee mmoja wa Kemondo alinisimamisha akaniuliza kwa adabu kabisa kama siku hizi ushirika ndio unaokusanya roho. Nilimjibu kwamba roho bado, tunaanza na kahawa.

Nilicheka mpaka ilipofika kwa baba mdogo.

Baba mdogo Felisiani, Ta Felisiani kama wanavyomwita wote, anakaa kwenye mteremko juu ya Muleba, kibanja kizuri, shamba la nyumbani lenye migomba iliyonyooka. Mkewe, Ma Veronika, alifariki mwaka jana akazikwa hapo hapo kibanjani, kama wanavyozikwa wote kwetu. Tangu hapo mzee amekuwa akipungua. Mganga wa zahanati amempima, hakuona kitu. Wiki hii binti yake, Jenerosa, aliniletea ujumbe kwa mtu wa lori: baba amekataa chakula, anakunywa maji tu, na kila pikipiki yako ikipita barabara ya juu anageukia mlango na kutetemeka. Kaka, njoo umwone, lakini bojo, tafadhali, usije na hilo lidude.

Kwenda Muleba kwa miguu? Nampenda baba mdogo, lakini miguu yangu nayo ni ya ukoo.

Nikajiona mjanja. Kama ni gia, nilijiambia, basi ni zile za kwenye injini, pale ninapokanyaga kwa mguu. Barabara ya kwake ni mteremko mtupu kutoka juu kabisa. Nitazima moto kileleni, nitaweka nyutro, nitaserereka kimya hadi uani. Mzee ataniona tu nimeingia, kama mtu mwenye baiskeli.

Ndivyo nilivyofanya. Mchana, saa za watu kuwa shambani, ukungu umekaa kwenye migomba. Nikazima. Ngurumo ikafa. Nikaachia breki.

Mwanzoni, kimya. Matairi yanakanyaga udongo uliolowa, basi. Nikatabasamu.

Halafu ikaanza.

Ilianzia nyuma yangu, chini ya makalio, nyembamba, safi, bila ngurumo ya kuifunika. Kumbe siku zote injini ilikuwa inaisetiri. Sasa ilikuwa uchi. Mwendo ulivyoongezeka nayo ilipanda, ikapita kwenye migomba pande zote mbili, ukungu ukairudisha, nikaisikia mbele yangu kama vile kuna mwingine anapanda kuja kunipokea. Nilikanyaga breki, ikageuka mguno. Nilikanyaga zaidi, matope yakanitelezesha, nikaachia. Ikapanda tena.

Wanawake waliokuwa wanapalilia waliinuka. Hawakuona pikipiki inayonguruma; waliona mtu amekaa wima juu ya kitu cheusi, kinashuka bila moto, kinalia. Mmoja akavuta kanga kichwani. Mwingine akapiga magoti palepale kwenye maharage. Mbwa wa jirani yao Ta Pontiani, ambaye huwa ananifukuza mpaka njia panda, alikaa chini.

Jenerosa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani.

"Nilikwambia usije nalo!"

"Nimezima, dada."

"Umezima nini? Tumekusikia tangu kule juu. Mawe, mama yangu! Afadhali siku zote tunasikia pikipiki. Leo tumesikia lenyewe."

Nikachungulia ndani. Sebuleni kulikuwa na majani mabichi yametandazwa, yananukia, kama tunavyotandaza kwa mgeni mkubwa au kwa msiba. Nilimtazama Jenerosa.

"Ametandaza mwenyewe," alisema. "Mtu aliyekuwa hawezi kushika kikombe. Amesikia sauti, akainuka, akaenda kukata majani."

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti, kanzu nyeupe, amenawa uso. Hakutetemeka. Alinitazama begani, si usoni.

"Karibu, Padre."

"Shikamoo, Baba. Ni mimi, Deo."

"Marahaba. Najua ni wewe, macho yangu hayajafa. Namkaribisha uliyekuja naye."

Niligeuka nyuma. Naandika hivi kwa sababu hakuna anayeniona: niligeuka nyuma.

"Jenerosa," akasema mzee, "leta chakula. Mchukuzi hulishwa. Na Padre hakuwahi kuondoka na mtu mwenye njaa."

Zikaletwa ndizi na maharage, na samaki mkavu kidogo. Nikakaa kwenye majani. Na baba mdogo, ambaye wiki nzima alikuwa anakunywa maji, akanawa, akala. Alikula taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari na hataki kusahau kitu. Alimega, akachovya, akatafuna, akamega tena. Jenerosa alisimama na bakuli mkononi. Upande wa kushoto wa sahani mzee alisogeza matonge kadhaa, hakuyagusa. Sikuuliza ni ya nani.

Aliposhiba akaniambia mwenyewe. Mimi nilidhani anaogopa. Wote tulidhani hivyo.

"Balozi wa nyumba kumi amepita," alisema. "Kahawa ikishavunwa, tunahamia kule chini, upande wa Kimwani, kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari kama viazi. Vizuri, maji ya bomba, shule, sikatai. Lakini mama yenu yuko hapa." Akaonyesha kwa kidevu migomba iliyo karibu na jiko. "Nikihama, nani atamwambia nimehamia wapi?"

Nilianza kusema kwamba pengine nyumba za juu hazitaguswa, kwamba mambo haya hubadilika.

"Wewe ni mtu wa serikali, huna budi kusema hivyo."

"Mimi ni mtu wa mibuni tu, Baba."

"Basi utanielewa. Mbuni mzee ukiung'oa, huupandi pengine. Mimi kila mkipita juu huko nilikuwa nasema: simama, simama. Hamsimami. Unafikiri nilikuwa natetemeka kwa homa? Nilikuwa naona mnanipita." Akafuta midomo. "Nikiwa chini pale na mwenzangu kabla ya mavuno, waje na lori lao. Watanipakiaje?"

Akacheka. Mzee alicheka vizuri kabisa, na meno yake machache. Mimi nikacheka kwa heshima.

Tukakaa. Alikuwa anasubiri, kwa adabu, kama mtu aliyefika kituoni mapema. Uani chuma cha pikipiki kilikuwa kinapoa, kinatoa vile vidoa vya sauti: tik. Tik. Kila kikilia, baba mdogo aliitikia kwa kichwa.

Mwisho niliinuka. Akanitazama kwa mshangao, halafu kwa huruma, kama mtu anayemwona karani mgeni aliyesahau muhuri.

"Leo hamnichukui?"

"Leo hapana, Baba."

"Haya. Mwambie nipo."

Jenerosa alinisindikiza mpaka barabarani, akinisaidia kusukuma, maana sikutaka kuwasha pale uani. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimeyaandalia majibu.

"Kaka, amemaliza sahani," alisema.

"Nimeona."

"Kesho uje."

"Si ulisema nisije nalo?"

"Kesho uje. Na kesho kutwa. Anakula akijua ni chakula cha mwisho. Kingine chochote hali." Hakunitazama. "Zima moto kule juu, kama leo."

"Nije kama nani, Jenerosa?"

"Waitu, ndugu yangu, mimi sijui. Wewe uje tu."

Nilipoiwasha kupanda mlima, mlio ulikuwa chini, mzito, kama nimebeba mtu. Nilikuwa peke yangu. Mlima nao ni mzigo, hilo nalijua, injini inavuta, gia zinabanwa, sauti inashuka. Nimejiambia hivyo mpaka Kemondo. Sikugusa kiti cha nyuma kwa mkono.

Nimepita kwa Shabani kabla hajafunga. Nikamweleza habari ya kuserereka, ya mzee sikumweleza. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Umezima injini ili gia ya gurudumu inyamaze! Bwana Kahawa, hii haina mnyororo. Nguvu inapita kwenye shafti mpaka nyuma, na huko kwenye gurudumu ndiko gia mbili zinaumana. Gurudumu likizunguka, zinalia. Ungeweza kuitupa injini ziwani, bado ingelia." Moja iliwahi kuvunjika meno, akasema, wakaweka mpya, ya pili wakaiacha ya zamani. "Hazikukulia nyumba moja. Zitazozana mpaka kiama, lakini haziachani."

Nikamuuliza kama inaweza kunyamazishwa. Akasema spea hazipo, ila anaweza kujaribu oili nzito, pengine ikapungua.

Nikamwambia aache.

Alinitazama. Tangu tufahamiane sijawahi kumwambia fundi aache.

Sasa nimekaa na taa ya chemli, napiga hesabu isiyo ya shule. Nikiinyamazisha, baba mdogo hatakula. Nikiiacha ilie, atakula kila siku, kila siku akiaga, na kila siku nitamkatalia. Atanenepa kwa kusubiri kufa. Mavuno yatafika, lori litafika, litamkuta mzima, mwenye nguvu za kupakiwa. Mimi ndiye nitakuwa nimemhamisha Kimwani, kwa kumlisha.

Au itafika siku moja kabla ya hapo. Nitazima moto pale juu, mlio utatangulia, majani yatakuwa yametandazwa. Atakula, ataniangalia begani, na atakuwa hakukosea.

Kesho nitakwenda, hilo nimeamua. Jenerosa atakuwa ameshaweka ndizi motoni. Ninachojiuliza ni hiki: siku hiyo ambayo mzee hatakosea, nikiwa nateremka, mimi ninayejua kila tabia ya mlio huu, nitasikia tofauti yoyote?