Msitu Umeota Bila Wewe

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Bilal,

Assalaam aleykum. Nakuuliza kwanza hali yako. Unalala? Unapata cha kufuturu? Kifua chako kinachobana kila msimu wa mvua, mwaka huu kinakuachia upumue? Huku tu wazima, alhamdulillahi. Miguu yangu imevimba kidogo, lakini bado inanifikisha msikitini. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, na umeme unakatika nayo.

Naandika kwa mkono kwa sababu ulisema simu zinapekuliwa barabarani. Antoine, yule mtu wa Butembo anayeuza maharagwe kwa jumla hapa mtaani, anakuja Bukavu kumchukua mama yake. Ameahidi kukupa barua hii wewe mwenyewe, bila kumwachia mtu mwingine. Ukiisha kuisoma, uichome.

Habiba na mtoto wamefika Kigoma salama. Wako kwa binamu yetu, nyumba ina watu wengi lakini kuna amani. Mwamini ameanza kutembea, anashika ukuta. Mkeo hakulia kwenye simu. Aliuliza tu, "Shangazi, atakuja?" Nilimwambia aombe dua. 

Ujumbe wako wa mwisho nimeusoma mara nyingi. Unasema huwezi kuondoka kwa kuwa wewe peke yako unajua kuiendesha ile programu ya misitu na hali ya hewa, na kwamba ukitoka, kazi ya wanaikolojia wote waliokuamini itakwama. Baada ya hapo nikasikia kuhusu Émile, mwenzako wa ofisi: watu wenye silaha walikuja kuuliza nani anashika maneno ya siri ya mashine, wakaondoka naye. Tangu siku hiyo simu ikilia naiacha kidogo kabla ya kuishika.

Mume wangu, mjomba wako Asani, naye alikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1996 alibaki katika kituo cha utafiti huko kwenu na mimea yake iliyokaushwa, kwa kuwa yeye peke yake alijua kabati lipi lina nini. Alisema atanifuata baada ya wiki moja. Waliopita pale baadaye walinieleza kuwa makabati yalipasuliwa yakawa kuni. Yeye hakuna aliyemwona. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na tangu wakati huo naishi katika mji huu kama mgeni aliyekawia kuaga. Sikukueleza haya ulipokuwa mdogo. Nakueleza sasa kwa sababu hali yako ni hiyo hiyo.

Lakini sikuandika ili nikuogopeshe. Nina habari, na nataka uisome polepole.

Unamkumbuka Dorcelle, mwalimu wa ikolojia kule chuoni Kasapa, aliyepanga chumba changu cha nyuma. Hiyo programu yako, uliyomtumia Januari kabla mji wenu haujaangukia mikononi mwa watu wenye silaha, hakuifungua mapema. Aliiogopa. Alizoea ile ya zamani, ambapo anayeujua kila mti wa pori letu alilazimika kumbembeleza mtu wa kompyuta amwandikie mistari ya amri, kisha angoje jibu asiloweza kulikagua. Juma lililopita, umeme wa chuo ulipokatika tena, alikuja na kompyuta yake mezani kwangu, pamoja na mwenzake Merdi, anayechunguza miti inayokatwa kwa makala, yaani mkaa. Betri yangu ya sola bado ina nguvu. Nilikaa nao. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa maktaba, napenda kuona mtu akitafuta kitu.

Walijaza mvua, joto na udongo wa eneo lao la utafiti. Madirisha uliyoyatengeneza yaliwauliza kwa maneno ya kawaida, nao wakajibu. Mashine ikahesabu miaka mingi ya msitu. Ilipomaliza, Merdi alicheka mpaka akaegemea friji.

"Mama Mounira, kuya kuona. Bilal ametupandia pori kama ya Kivu. Kamalondo yote imeisha kumezwa."

"Na makala tutaitoa fasi gani?" Dorcelle akasema. "Hii mashine haiyafika Katanga hata siku moja."

Kicheko kilipoisha, Dorcelle akafungua daftari lake. Msitu ule mnene haukufanana hata kidogo na vipimo vyao. Akachukua simu.

"Tuite Bilal."

"Namba yake haipiti," nikamwambia. "Hata ingepita, usimwite."

"Mama, mimi niko mutu ya miti. Nikiharibu?"

"Umesema mwenyewe haijafika Katanga. Ionyeshe njia."

Alinitazama vibaya, Bilal. Nilijua namsukuma kwa sababu zangu. Nilitaka kuona kama kazi hii inaweza kukuachilia.

Akarudi dirisha la kwanza, akapita moja moja, anasoma kwa sauti kama mtoto wa shule. Akafika kwenye swali lako: "Moto hupita mara ngapi, na mwezi gani?" Jibu lilikuwa limeandikwa tayari: "Haupiti." Ni wewe uliyeliweka, mtu wa milimani, ambako msitu una maji mwaka mzima. Huku kwetu nyasi huwaka kila kiangazi, na mti unaoishi ni ule unaojua kuungua.

"Moto hakuna," Dorcelle akasema. "Merdi, huyu mutu hakutia moto."

Akaandika kila mwaka, mwisho wa kiangazi. Kwa sehemu inayochomwa mapema akaandika mwezi wa tano. Merdi akaongeza miti inayokatwa, maana hilo nalo uliliwekea swali. Wakaanzisha tena. Safari hii miti ilipungua, nyasi zikarudi katikati yake, na hesabu ikasogelea vipimo vyao. Haikulingana kabisa, lakini Dorcelle aliweza kunieleza kila tofauti inatoka wapi. Siku iliyofuata alimfundisha mwenzao mmoja, naye akaifanya peke yake.

Programu ilikosea, mwanangu, na watu wasiojua hata mstari mmoja wa amri zako wakaona kosa, wakalipata, wakalirekebisha. Kwa mashine ya zamani wangekungoja. Ndivyo ulivyokusudia ulipoacha kulala kwa ajili ya yale madirisha. Dorcelle ameagiza nikuambie programu sasa ina nakala Kasapa, na nyingine Merdi amempa rafiki yake ng'ambo ya mpaka, Zambia. Ameagiza pia nikuambie ukija utalipa faini ya moto.

Kwa hiyo sababu uliyonipa imekwisha. Kama unayo nyingine, mweleze Habiba, usinieleze mimi.

Antoine hatakaa Bukavu. Akimpata mama yake, anavuka Ruzizi asubuhi ya pili, anarudi kupitia Kigoma, Tanzania, kisha Zambia. Gari lina nafasi yako. Usibebe mashine, usibebe karatasi za ofisi. Beba dawa ya kifua na sweta. Nitakungoja Sakania, mpakani, treni au gari, vyovyote mtakavyopitia kutoka Zambia. Miguu itanifikisha.

Msalimu mama yake Antoine, umpe mkono njiani, haoni vizuri. Ukifika Kigoma umsalimu binamu yetu, na umnyanyue Mwamini kwa niaba yangu. Dorcelle na Merdi wanakusalimu. Tunamwombea Émile kila tunapofuturu. Mwenyezi Mungu akufumbie macho ya wabaya na akufungulie barabara.

Usinijibu kwa barua.

Shangazi yako akupendaye,
Mounira