Rehema, Niambie Nimekosea

Jumapili, jioni. Mvua imekatika ila njia ya kwetu hapa Kibamba bado ni tope tupu. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza kesho tu.

Kesho ndiyo mtihani. Zahanati ninayofanya kazi inafungua tawi Madale, na daktari, ambaye ndiye mwenye zahanati, anatafuta msimamizi wa mapokezi. Tutaingia mmoja mmoja, mimi na Rehema, mwenzangu wa mapokezi, tukae kwenye kompyuta tuandikishe wagonjwa huku daktari anatazama. Akaongeza, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba huko tuendako mapokezi hayatakuwa na mtu asiyeuweza mfumo wa kompyuta.

Mtu huyo ni mimi.

Nilianza kazi hii enzi za mafaili ya makaratasi. Nikimwona mgonjwa mlangoni tu, nilishajua faili lake liko kabati gani. Kisha mfumo ukaja, na Rehema akaja nao. Ni binti wa Chanika, kalelewa na bibi yake, ana adabu mpaka unamwonea huruma. Kila asubuhi "shikamoo mama", goti likipinda kidogo. Na kila nikishika mausi ya kompyuta: "Acha mama, nitafanya mie." Namwachia. Nani hapendi kuheshimiwa? Taratibu nikawa mtu wa kuitikia marahaba na kuelekeza watu choo kilipo.

Wakati huohuo nilijiona najiendeleza kweli. Nasikiliza wale watu wa "jitambue" kwenye simu, nimejiandikisha masomo ya uongozi ya mtandaoni, nikamtangazia mume wangu kwamba mwaka huu naongeza thamani yangu.

"Kwani ilikuwa imeshuka?" akauliza.

Nikanuna siku nzima.

Sasa Ijumaa. Mvua ilimchelewesha Rehema. Akaja mama mmoja na mtoto wa kike anayechemka homa. Nikajikaza, nikafungua mfumo, nikaandika jina la ukoo, wakatokea watu kibao, nikabonyeza wa kwanza. Daktari alipofungua kwenye kompyuta yake akakuta huyo mtoto ana presha ya miaka mingi na alishafanyiwa upasuaji wa tezi dume.

Akatoka nje ameshika miwani. "Nani kamwandikisha huyu mtoto?"

Rehema alikuwa ameshafika, ameketi pembeni yangu anajifuta maji. Akatazama kompyuta. Akanitazama mimi.

"Ni mie, daktari. Naomba unisamehe."

"Wewe Rehema? Sikutegemea." Akarudi ndani.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa palepale, mdomo nimeufunga.

Baadaye nikamuuliza kwa nini kafanya vile. Akalishangaa swali lenyewe. "Sasa mama, ningesema ni wewe? Mbele ya wagonjwa?"

Jana nimeshinda na hasira, tena mwanzoni nilimkasirikia yeye. Nani kamtuma? Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Ni muda gani huyu binti amekuwa akirekebisha makosa yangu kimyakimya nikidhani siku zimeenda vizuri?

Nimeheshimiwa mpaka sijui kazi.

Leo baada ya ibada sikupitia sokoni. Nikaenda zahanati na kitenge changu cha kanisani, maana Rehema alikuwa zamu na Jumapili wagonjwa huwa wachache. Nikamwambia anifundishe, ila mausi asiiguse, na nikikosea aniambie nimekosea.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Nitakuambiaje hivyo, na wewe mtu mzima?"

Tukaanza hivyohivyo. Nikibonyeza pasipotakiwa, anakohoa. Nikiharibu zaidi, anatazama dari. Mwisho nikamwambia, "Rehema, kesho daktari hatanikoholea." Akacheka, akajiziba mdomo na mtandio. Kisha kwa sauti ya chini kabisa, kama anayetoa siri ya familia: "Mama, hapo umekosea."

Tukaendelea. Kuna mahali akasahau kabisa mimi ni nani. "Siyo hapo! Tarehe ya kuzaliwa kwanza. Umekosea tena, anza upya!" Nikaanza upya. Neno hilo lilinichoma, siwezi kudanganya, maana yule ni mtoto wa kumzaa. Lakini hapohapo nilitaka kumkumbatia. Tangu mfumo uje, hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu pale mapokezi.

Kesho nitaweza? Sijui. Kwenye sehemu ya bima bado napotea, na nikitazamwa vidole vinakuwa vizito. Rehema ananizidi, na kwa haki kazi ya Madale ni yake. Isipokuwa daktari anaamini Rehema ndiye aliyempa mtoto wa kike tezi dume.

Hilo ndilo linaloninyima raha tangu nirudi nyumbani. Nikisema ukweli, najimaliza kabla hata sijakalia kile kiti, na huenda hata kwenye zahanati ya hapa Kibamba nisibaki. Nikinyamaza, Madale naweza kuipata mimi. Nimeliwaza hilo. Nimeliwaza hata kanisani, nimefumba macho na mikono nimekunja, watu wakidhani naomba.

Mume wangu ananiita chakula kimeiva. Sina hamu.

Kesho asubuhi Rehema atanipa shikamoo yake, goti likipinda, nami nitaitikia. Halafu kabla daktari hajamwita mtu yeyote, nitagonga mlango wake, nimwambie kwamba aliyekosea Ijumaa ni mimi.