Tone la kwanza la kikombe

Jumapili, Morotonga

Haikuwa kutetemeka. Mchungaji aliponiletea Meza ya Bwana hapa kitandani, nilipokea kikombe nikadondosha tone la kwanza sakafuni, kama baba, kabla ya kunywa pombe, alivyowamwagia wazee waliokufa.

Mchungaji alilitazama tone lile. Mke wa mwanangu, Bhoke, akacheka: “Mzee huyu! Mikono imechoka, mchungaji, msamehe.” Nami nikaitikia.

Miaka yote nimefundisha darasa la ubatizo, kumbe mkono wangu bado unawatanguliza wazee wale. Naogopa. Nikikata roho, nitamwita nani?

Jioni nilimwambia Bhoke ukweli. Hakucheka tena. “Basi tuombe, baba,” akasema, akapiga magoti.

Alipomaliza kumwomba Mungu anitenge na wazee wale, alisema amina. Mimi niliogopa kuisema, na mpaka sasa sijaisema.