Matanga Ofisini kwa Meneja

Jumanne, Malindi. Joto, hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Nimechoka kusimama katikati ya watu.

Jana meneja wetu hapa hotelini, Madam Carla, alipata habari kwamba babake amefariki kwao Italia. Leo akaja kazini kama kawaida, akafunga mlango wa ofisi. Mimi, msimamizi wa zamu, nikaona tumwache.

Kadzo wa jikoni hakuona hivyo. Kwao Vitengeni mfiwa haachwi peke yake. Akawakusanya wapishi na wafua nguo, wakavua viatu mlangoni, wakaingia na kuketi sakafuni. Wakasema pole, kisha kimya. Bi Salma wa Mambrui, mfanyakazi mwenzetu, akaja na birika la kahawa.

Wageni walikuwa wanashuka kula na meza hazijaandikwa.

Madam akaniita, maana Kiswahili chake ni cha salamu tu. Aliuliza huu ni mgomo wa nini. Nikamweleza kwamba wamekuja kumhani. Akasema kwao mtu mwenye msiba huachiwa nafasi. Akauliza nani amewaleta, na Kadzo mwenyewe akainua mkono.

"Huyo asije kesho."

Nikatafsiri. Ningefanya nini?

Kadzo ana watoto watatu na kibarua hiki tu. Akainuka taratibu. "Mwambie sina kinyongo, kaka. Baba ni baba."

Hilo pia nikatafsiri. Madam akageukia dirisha.

Huko nje Bi Salma akavaa viatu vyake, akasema, "Miaka yote hii nahani watu, leo ndiyo mara ya kwanza kufukuzwa na mfiwa." Tukacheka kidogo, Kadzo pia, kisha akaenda kuchukua kanga yake.

Jioni nilimkuta Madam ameketi pale pale, birika liko mbele yake, macho mekundu. Akaniuliza, kwenu watu hukaa na mfiwa mpaka lini? Nikamwambia, mpaka alie, kisha ale.

Nikauliza kama Kadzo aje kesho. Akalivuta birika karibu. Nilipofika mlangoni akasema, "Usiufunge."

Nimeshampigia Kadzo. Nimemwambia aje, na aje mapema.

Tafsiri hiyo ni yangu mwenyewe. Nikiwa nimekosea, kesho tutafukuzwa wawili.