Kapteni Ilikimi Vakatora: Dakika Sita za Kimya

Baba Losana, leo mwaka umetimia tangu ulipotoka hapa nyumbani Nadi na kikombe cha chai mkononi, ukaniambia utarudi kula mchana. Samaki nilikuwekea. Jioni nikampa mbwa.

Wanaosoma kumbukumbu hii gazetini watataka nikusifu, na sifa unazo. Miaka kumi na tisa ulirusha abiria visiwani, kisha miaka kumi na miwili ukawafundisha marubani wa ndege kubwa namna ya kukabili balaa wasilolitazamia. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, ila ndani ya ile ndege ya bandia ya chuoni, mashine ya mazoezi isiyopaa, ulikuwa pilipili. Vijana walikuwa wakipeana kikaratasi cha siri chenye mpangilio wa majaribio yako: kwanza injini itazima, halafu moshi, halafu gurudumu litagoma kutoka. Ulipokinasa ulikichana mbele yao. "Ajali haina kinga, Kapteni," mmoja akajitetea. Ukamjibu, "Kinga ndiyo hii unayoikwepa, bwana mdogo."

Hata sisi nyumbani, mimi na watoto, hatukupona. Tuko mezani tunakunywa chai, wewe unapayuka: "Moshi jikoni! Unafanya nini kwanza?" Losana anajibu mdomo umejaa mhogo, "Nakalia mikono yangu, Baba, nisikurupuke, nahesabu mpaka tatu." Peni keshakimbilia ndoo ya maji. Unacheka: "Peni, umeshatuua wote!"

Kilichokukera kuliko vyote ni adabu yetu. Kwetu mtu hapitishi mkono juu ya kichwa cha mkubwa wake bila kusema "tulou" na kungoja aitikiwe. Na vitufe vya kuzimia moto viko juu, darini mwa ndege. Basi taa nyekundu inawaka, kijana anainamisha kichwa: "Tulou, Kapteni." Unamfokea: "Abiria mia na sabini wanaungua, wewe unakiomba radhi kipara changu!" Ndiyo maana ukaanza kujifanya umezimia. Unakaa kiti cha kapteni, injini inashika moto, nawe unalegeza shingo, kimya. Anayengoja umruhusu, amefeli. Anayeacha usukani ili akushike wewe, amefeli vilevile. Kwanza ndege, ulikuwa ukisema. Nyumbani lakini nani akukatize? Nikikukata kauli unanuna mpaka Jumapili. Mkuki kwa nguruwe!

Jumanne ile uliingia humo na Jope Delai, mtoto wa kijijini kwetu Kadavu, anayeniita mama. Mwenzake alikuwa anaumwa, kwa hiyo mlikuwa wawili tu, nawe ukakaa kiti cha kapteni kama kawaida yako. Injini ya kushoto ikashika moto. Ukanyamaza.

Mashine ile hurekodi kila neno. Miezi kumi na moja niliikataa hiyo kanda. Mwezi uliopita nikaisikiliza. "Kapteni?" anaita Jope. Kengele inalia. "Kapteni?" Kisha: "Usukani ni wangu." Hasemi tulou. Anazima injini, anauzima moto, anauomba uwanja msaada, anaigeuza ndege, anaanza kuishusha. Dakika sita nzima namsikia yeye akihema, wewe sikusikii. Nilikuwa naipigia kelele ile kanda kama mwendawazimu: Mtazame! Mtazame basi, we mtoto! Magurudumu yanagusa chini. Anacheka kwa furaha: "Haya Kapteni, amka! Nimefaulu?" Anangoja. Anakuita tena. Halafu anaanza kupiga mayowe.

Daktari alisema ni moyo. Nikamuuliza, je, kama wangekuwahi? "Pengine angepona, pengine asingepona. Sijui, mama." Hilo "sijui" nimelala nalo mwaka mzima.

Jope alikuja na mjomba wake, wakakaa mkekani, wameleta jino la nyangumi kuomba msamaha kama inavyotakiwa. Nikakataa kulishika. "Umeokoa chuma kilichofungwa sakafuni," nikamwambia, "mume wangu ukamwacha." Wakarudi ulipotimiza siku mia kaburini. Sikuwafungulia mlango. Akaacha urubani. Nilisikia anaendesha lori la miwa, nikasema na iwe hivyo. Kusema kweli nilifurahi, Mungu anisamehe.

Nawe pia nilikukasirikia. Nani alikutuma uigize kufa, tena mara tatu kwa wiki, hata siku ulipokufa kweli asijue mtu?

Jana tumevua nguo nyeusi. Nyumba imejaa watu, bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, linazunguka, na Jope akaja mara ya tatu. Amekonda mpaka shati linamcheza. Mjomba wake alipofungua kinywa kumsemea, nikamkatiza. Wazee wakaguna, nikawaacha wagune.

"Nataka anijibu mwenyewe," nikasema. "Jope, ungejua ni kweli anakufa, ungefanya nini?"

Akajibu papo hapo, machozi yanamtiririka. "Ningeacha kila kitu, Mama. Ningemshika."

Ndilo jibu nililolitaka mwaka mzima. Na nilipolipata, baba Losana, mara nikajua wewe ungesema nini. Sikupenda kulijua.

"Basi angekufelisha," nikamwambia.

Losana akaangua kicheko, kikageuka kilio, na mimi nikafuata. Nikanyoosha mikono, nikalipokea jino. Nikamwambia arudi kazini. Akasema hawezi, hata kukitazama kiti kile hawezi.

"Utaweza," nikamwambia. "Nitakupeleka mimi."

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Unaisi, ambaye hasira haijamwisha yote. Wanao Losana na Peni. Dada yako Vaciseva wa Sigatoka. Ndugu zako wote wa Kadavu. Marubani uliowatisha hadi wakaiva. Na mwanao Jope Delai, anayeingia tena katika ile ndege ya bandia Jumatatu asubuhi, nami nitakuwa nimekaa mlangoni. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.