Penka Kwenye Maji ya Baridi

Jumamosi, 30 Desemba
Bwawani na mume wangu Dobrin. Baridi ya kukata masikio, kingo za maji zimeanza kuganda. Njia nzima nilimpakata Penka kama mtoto. (Mashua yangu ya mfano, ina injini ya kweli, naiendesha kwa rimoti nikiwa ukingoni. Nimeipa jina la mama mkwe kwa sababu ya makelele. Mwenyewe anajua – anaringa nalo mtaa mzima!)

Klabu yetu ina nafasi moja tu ya kwenda kushindana Hungaria, majira ya kuchipua. Atakayezunguka maboya mara nyingi zaidi Sikukuu ya Yordani, ya ubatizo wa Yesu, Jumamosi ijayo, ndiye atakwenda. Mwanamke hajawahi. Naitaka. Basi, nimeiandika.

Leo aibu. Penka anakohoa ukingoni, Dobrin kainama juu yake, ananiuliza kwa vidole: nifungue sindano ya mafuta, ile skrubu ya kuongeza mafuta kwenye injini? Kwa kelele zile husikii hata mawazo yako. Nikapeleka kichwa kushoto, kulia – ndiyo, kama Mbulgaria yeyote. Akaifunga! Miaka tisa ya kuendesha malori Austria, kichwa chake kimehamia huko. Kwake hiyo sasa ni hapana. Injini ikakosa mafuta, ikachemka, ikazimika.

Na Gancho, binamu yake Dobrin, alikuwepo na mashua yake mpya. "Shemeji, hapa si saluni! Injini haibembelezwi." Watu wakaangua kicheko. Dobrin naye, kidogo. Nimemnunia mpaka sasa.

Jumanne, 2 Januari
Nimefungua injini saluni, kati ya mteja na mteja. Pistoni haina mkwaruzo. Afadhali! Bibi Ginka, akiwa chini ya draya, kauliza harufu gani hii. Nikamwambia dawa mpya ya nywele. Anaitaka.

Alhamisi, 4 Januari
Tumekubaliana: vichwa marufuku. Nikivua kofia – fungua. Nisipovua – usiguse. Tumefanya mazoezi jikoni, supu ya maharage ikaungua.

Jumamosi, 6 Januari
Sikukuu ya Yordani. Nimeshinda. NIMESHINDA!

Niandike kwa utaratibu. Chupa ya mafuta niliiweka ndani ya koti, tumboni, ipate joto. Injini nikaipasha kwa draya kwenye kibanda cha klabu. Walicheka, wacha wacheke. Mrija wa maji ya kupoza nikaubana nusu, maana maji yale yangemgandisha Penka tumbo. Na hewa ya baridi ni nzito, inataka mafuta zaidi. Gancho alikuja na mipangilio ileile ya Agosti.

Tukaanza. Mashua ya Gancho mbele, naiona mgongo tu. Dakika ishirini ni nyingi sana ukiwa huhisi vidole. Katikati Penka akaanza kulia sauti nyembamba – njaa ya mafuta. Nikamleta ukingoni, nikavua kofia. Baridi ilinichapa kofi! Dobrin akafungua. Akafungua! Penka akarudi majini ananguruma vizuri, mama mkwe mtupu.

Mzunguko uliofuata mashua ya Gancho ikanyamaza katikati ya bwawa. Ikakaa tu. Mimi nikazidi kuzunguka, nikazidi, mpaka filimbi.

Nilijivunia mpaka machozi. Si upepo, nilikuwa nalia.

Gancho akaja pole pole. "Shemeji... mrija wa maji uliubana?"
"Nusu."
"Nusu," akarudia. Kisha akanimiminia rakia ya moto, pombe yetu kali ya matunda, mimi wa kwanza.

Jumapili, 7 Januari
Mzee Rusi, mwenyekiti wa klabu, yuko sebuleni sasa hivi. Kaingia, mkono kampa Dobrin.

"Hongera, kijana! Basi Hungaria utatuwakilisha wewe, eh?"

"Mimi nafungua sindano tu, mzee. Dereva huyo hapo."

Mzee akakohoa. Akaanza: basi la klabu limejaa wanaume, vyumba ni vya watu wawili wawili, ngoja kamati ikae ione... Hakuniangalia. Akaomba kahawa.

Kwa hiyo nipo jikoni. Kahawa imeshachemka kitambo, nimeizima, nimekaa naandika. Huko sebuleni mzee anangoja. Dobrin hamsaidii, amemwachia saa ya ukutani tu aisikilize. Nampenda sana huyu mwanamume leo.

Sasa anaita. "Zlatina? Zlatina, njoo basi, tuzungumze."

Kumbe jina langu analijua! Angoje kidogo. Nataka aliite tena.