Jina Lililofumuliwa

Chala, 4 Mei 2024

Mdogo wangu Jenifer,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia! Hamjambo hapo Izia? Sisi wazima, ila baridi inatutafuna. Kwenye mfuko huu kuna seti uliyoomba: kifuniko cha chupa ya chai, kitambaa cha sinia na vitambaa vidogo sita vya vikombe. Mama mkwe wako akija, mtengee chai ya heshima. Jina langu nimelidarizi kwenye kona, maana mama alitufundisha kuwa anayeshona ndiye anayetia jina.

Nasikia akina mama wa parokia yenu wanatafuta mwalimu wa kudarizi. Niulizie, mdogo wangu. Tangu nivunjike mguu jembe limenishinda, kazi ninayoiweza ni hii tu.

Dada yako, Luciana

Izia, 9 Juni

Shikamoo dada,

Mguu unaendeleaje? Sisi wazima, shemeji yako Zenon anakusalimu. Vitambaa vimefika, mama mkwe amevisifu mno. Ile kazi bado wanajadiliana. Vuta subira.

Mdogo wako, Jenifer

Chala, 21 Julai

Jenifer,

Hujambo? Mimi mzima. Nilichoka kusubiri, nikapanda basi mpaka kwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia yenu, Mama Eustaki. Akanikaribisha chai, akasema mwalimu wameshampata, tena hodari, akanionyesha kazi yake. Ilikuwa kazi yangu, Jeni. Kwenye kona pameshonwa jina Jenifer. Nikakigeuza kitambaa, nikaona matundu ya sindano yangu bado yapo.

Nikasema, "Kazi nzuri." Ningesema nini? Nikuvue nguo mbele ya watu unaosali nao? Nikamaliza chai, nikarudi stendi.

Dada yako, Luciana

Izia, 25 Julai

Shikamoo dada,

Sithubutu hata kuuliza hali yako. Nimepiga simu mara kumi hupokei, barua hii nampa kondakta.

Mama mkwe hunisema kila akija kwamba mikono yangu haijui kitu ila kushika simu. Asubuhi ile aliyokuja nikachukua wembe, nikafumua jina lako, nikatia langu. Nilitaka anisifu mara moja tu, dada! Akanisifu, kisha akavibeba hadi kwa Mama Eustaki kunitangaza. Walipokuja kuniomba nifundishe, nikakubali badala ya kusema ukweli. Sasa nawafundisha mawaridi yanayofanana na kabichi, nao maskini wanayaiga hivyo hivyo. Kazi uliyoniomba nikuulizie, nimeikalia mimi. Najichukia.

Jumapili baada ya misa nitawaambia wote, mama mkwe akiwepo.

Mdogo wako, Jenifer

Izia, 12 Agosti

Shikamoo dada,

Habari za huko? Nimesema. Wote walikuwepo, na vitambaa niliwaonyesha. Mama mkwe hakunigombeza. Alivikunja vitambaa, akaniwekea mapajani, akatoka. Heri angenitukana. Mama Eustaki anasema kazi ni yako, uanze wiki ijayo. Nimekuandalia chumba. Nisamehe, dada, wewe ndiye uliyenilea.

Mdogo wako, Jenifer

Chala, 17 Agosti

Jenifer,

Hamjambo? Mimi mzima. Waambie nitakuja kufundisha. Hicho chumba kiache, nimeshapata cha kupanga huko huko Izia, kwa rafiki yangu Bertilla. Sijakususa. Nimesikia ulivyosimama mbele ya watu, nikalia. Lakini nikifikiria kukaa kwako, unimiminie chai asubuhi tukitazamana, moyo unagoma. Siku moyo ukikubali nitakuja kupiga hodi. Kwa sasa siwezi.

Dada yako, Luciana